Dorothy Day na Nyumba za Ukarimu za New York

Historia kwa Watu Wazima: somo la redio kama lilivyosomwa
(Darasa liwe na ramani ya dunia, ubao na chaki.)

Natumaini ninyi mlio madarasani mmekwisha kaa, na mwalimu ametundika ramani ukutani. Chukueni daftari na kalamu.

Kwanza mwalimu ataandika ubaoni maneno matano. Someni pamoja naye, silabi kwa silabi. Neno la kwanza ni ubinafsi, yaani tabia ya mtu kujitazama yeye mwenyewe tu. La pili ni ukarimu, yaani kumpokea mgeni na kumpa ulicho nacho. La tatu ni hiari, yaani kutenda jambo kwa kupenda, bila kulazimishwa. La nne ni riba, yaani fedha ya ziada inayolipwa juu ya deni. La tano ni kusudi, yaani lile jambo ambalo mtu ameliweka mbele yake, linalomwamsha asubuhi na kumpa nguvu ya kufanya kazi.

Somo la leo linamhusu mwanamke Mkristo wa Marekani, Bibi Dorothy Day. Labda mmoja wenu atauliza, sisi na New York wapi na wapi? Na ndugu zetu Waislamu watauliza, sisi na habari za Kanisa wapi na wapi? Subirini kidogo. Wazee wetu walisema, kila mwamba ngoma huvutia kwake. Ngoma ya namna hiyo huwambwa mahali pengi duniani, na siku hizi hata katika miji yetu. Basi swali la leo ni hili: Mtu mwenye imani afanye nini, akijikuta anaishi mahali ambapo kila mtu anavuta ngozi kwake?

1. Nchi ya kila mtu na lake

Tazameni ramani. Upande wa kushoto, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, iko nchi ya Marekani. Mji wa New York uko katika pwani yake ya mashariki.

Wenyeji wa asili wa nchi hiyo walinyang'anywa ardhi yao, na Waafrika wengi walipelekwa huko kwa nguvu wakiwa watumwa. Lakini mamilioni ya watu wengine walikwenda wenyewe, hasa kutoka Ulaya. Mbele ya mji wa New York kuna kisiwa kidogo kiitwacho Ellis Island. Tangu mwaka 1892 mpaka 1954, watu wapatao milioni 12 walipita hapo kuingia Marekani. Fikirini hali ya mtu wa namna hiyo. Ameacha wazazi, wajomba, shangazi na makaburi ya wazee wake. Huko aendako hakuna anayemjua. Akipata, amepata kwa mikono yake. Akikosa, hana mlango wa kubisha.

Tena nchi ilikuwa kubwa. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu haki ya kuchukua eka 160 za ardhi, mradi akae hapo na kulima kwa miaka mitano. Baadaye viwanda vikaja, na kila mtu akalipwa mshahara wake mkononi. Hivyo watu wakajifunza kusema: Nilicho nacho nimekipata mwenyewe, na asiye nacho ajilaumu.

Msidhani kwamba tabia hii ilikuwa mbaya tupu. Ilileta bidii ya kazi, na ilimpa mtu moyo wa kutomwogopa bwana mkubwa. Lakini ilikuwa na hatari ndani yake. Mfaransa mmoja, Alexis de Tocqueville, alizuru Marekani mwaka 1831 na 1832, akaandika kitabu mashuhuri juu yake. Alieleza kwamba huko mtu huweza kujitenga polepole na jamii, akabaki na jamaa zake na marafiki zake wachache, na mambo ya wengine akayaacha yaende yatakavyo. Alionya kwamba mwisho wake mtu huyo hufungwa ndani ya upweke wa moyo wake mwenyewe.

Mwaka 1928 Bwana Herbert Hoover aligombea urais. Katika hotuba yake moja alisifu tabia hii ya Wamarekani ya kila mtu kujisimamia kwa nguvu zake, akashinda uchaguzi. Mwaka uliofuata, Oktoba 1929, bei za hisa za makampuni ziliporomoka ghafula. Mabenki yakafungwa kwa maelfu, pamoja na akiba za watu. Viwanda vikasimama. Kufika mwaka 1933, katika kila wafanya kazi wanne, karibu mmoja hakuwa na kazi.

Hapo ndipo ubaya wa desturi ile ulipoonekana. Maana mtu aliyefundishwa kwamba asiye nacho ajilaumu, alipokosa kazi alijilaumu kweli. Wanaume wengi waliona haya kuwaambia hata majirani kwamba nyumbani hakuna chakula. Watu walisimama katika mistari mirefu kungoja supu, huku wamevuta kofia zao usoni.

2. Mtoto aliyeuliza swali

Dorothy Day alizaliwa New York tarehe 8 Novemba 1897. Baba yake alikuwa mwandishi wa magazeti. Dorothy alipokuwa mtoto, jamaa yake walihamia Oakland, upande wa pili kabisa wa nchi, karibu na mji wa San Francisco.

Tarehe 18 Aprili 1906, tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha mji wa San Francisco, kisha moto ukauteketeza. Watu zaidi ya 200,000 wakabaki bila nyumba. Wengi wao walivuka maji kwa mashua kwenda Oakland. Dorothy alikuwa na umri wa miaka 8. Alimwona mama yake na majirani wakipika chakula mchana kutwa, wakitoa nguo zao, wakiwapokea watu wasiowajua. Miaka mingi baadaye alieleza jambo hilo katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1952. Alikumbuka kwamba wakati wa msiba ule watu walipendana.

Lakini msiba ulipopita, kila mtu akarudi kwake akafunga mlango. Swali likabaki moyoni mwa mtoto: Ikiwa watu wanaweza kuishi hivi siku ya tetemeko, kwa nini wasiishi hivi siku zote? Wasikilizaji, liandikeni swali hilo katika daftari. Ndilo lililomwongoza mwanamke huyu maisha yake yote.

Alipokua aliingia chuo kikuu cha Illinois, akakaa miaka miwili tu. Mwaka 1916 alikwenda New York, akafanya kazi katika gazeti la wasoshalisti. Aliandika habari za vibarua, za vyumba vibovu na za watoto wenye njaa. Mwaka 1917 alifungwa gerezani pamoja na wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Wakati huo hakuwa mtu wa dini. Aliona kwamba Wakristo wengi huenda kanisani Jumapili, kisha Jumatatu huwapita maskini barabarani. Baadhi ya mambo ya ujana wake aliyajutia sana baadaye, wala hakujifanya kuwa hakuyatenda.

Kisha akaishi na mwanamume aliyempenda sana, katika nyumba ndogo karibu na bahari. Mwaka 1926 wakapata mtoto wa kike. Dorothy alipomkumbatia mtoto wake, furaha ikamzidi, akatafuta wa kumshukuru. Akaanza kusali. Akaamua mtoto abatizwe, na yeye mwenyewe akabatizwa katika Kanisa Katoliki mwezi wa Desemba 1927. Lakini yule mwanamume hakukubali dini wala ndoa. Basi wakatengana. Kwa Dorothy, kuingia Kanisani hakukuwa kupanda ngazi. Alimpoteza mtu aliyempenda, na rafiki zake wengi wa siasa wakamwona kama mtu aliyewaacha maskini na kwenda upande wa matajiri.

3. Mkulima kutoka Ufaransa

Kwa miaka mitano Dorothy alikuwa Mkristo asiyejua kazi yake. Alisali na kumlea mtoto, akaandika katika magazeti ili wapate kula. Imani alikuwa nayo, lakini kusudi hakuliona bado.

Desemba 1932 alikwenda mji mkuu, Washington, kuandika habari za maandamano ya watu wenye njaa. Akawatazama wakipita wamevaa nguo kuukuu, wakiongozwa na Wakomunisti. Akajiuliza, Wakristo wako wapi? Na mimi mwenyewe niko wapi? Tarehe 8 Desemba akaingia kanisani, akamwomba Mungu amfungulie njia ya kutumia kipawa chake kwa ajili ya wafanya kazi na maskini.

Aliporudi New York alimkuta mgeni anamngoja. Alikuwa mtu wa miaka 55, suti yake imekunjamana, mifuko imejaa vitabu na makaratasi. Jina lake Peter Maurin. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1877, mtoto wa wakulima, na huko Amerika alikuwa amefanya kila kazi ya jasho. Tena alikuwa mtu wa kusema. Alisema asubuhi, mchana na jioni, mpaka Dorothy alipochoka kumsikiliza.

Bwana Maurin alikuwa na mpango wenye mambo matatu. La kwanza, kutoa gazeti la kuwaeleza wafanya kazi mafundisho ya Kanisa juu ya haki yao. La pili, kufungua nyumba za ukarimu, kama zile ambazo maaskofu wa zamani walikuwa nazo kwa ajili ya wageni na maskini. La tatu, kuanzisha mashamba ambapo wasomi na wafanya kazi wangelima pamoja.

Hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo penye kiini cha somo la leo. Wakati ule watu wengi walikuwa na dawa mbili za shida. Wengine walisema, kila mtu ajitegemee. Wengine walisema, serikali ifanye yote. Bwana Maurin hakuridhika na mojawapo. Alifundisha kwamba kila Mkristo anao wajibu wake mwenyewe, asioweza kumwachia askofu wala serikali wala jirani. Tukiyafupisha mafundisho yake kwa maneno yetu, ni hivi: Mwenye ubinafsi husema, mimi kwanza kupata. Mwenye imani aseme, mimi kwanza kutoa. Maneno ya mwanzo ni yale yale, mimi kwanza, lakini njia ni mbili.

Gazeti lilitoka tarehe 1 Mei 1933, siku ya wafanya kazi. Liliitwa The Catholic Worker, maana yake Mfanya Kazi Mkatoliki. Kupiga chapa nakala 2,500 kuligharimu dola 57, fedha ambazo Dorothy alizikusanya kidogo kidogo, nyingine zikiwa za kulipia mahitaji ya nyumba yake. Likauzwa katika uwanja wa Union Square, katikati ya mkutano mkubwa wa Wakomunisti. Bei yake ilikuwa senti moja, ili hata asiye na kazi aweze kulinunua. Watu wengine walicheka, wengine walinunua. Katika miaka michache nakala zilipita 100,000.

4. Mgeni asiyepewa siku

Mwandishi akiandika lazima atende, ama sivyo maneno yake ni upepo. Gazeti lilipoandika juu ya nyumba za ukarimu, wasiokuwa na mahali pa kulala walikuja kuuliza nyumba hiyo iko wapi. Haikuwako. Basi wakapanga vyumba vya kulaza wanawake, kisha nyingine ya wanaume. Tangu 1936 walikuwa katika mtaa wa Mott Street, na kila asubuhi mamia ya watu walipanga mstari kupata mkate na kahawa. Mwaka huo huo mabaharia wa New York walipogoma, wale wa gazeti waliwafungulia mahali pa kula na kuota moto. Wasomaji katika miji mingine wakafuata mfano, na nyumba kama 30 zikafunguliwa.

Msifikiri nyumba hizo zilikuwa kama hospitali nzuri yenye mashuka meupe. Kulikuwa na kunguni na panya. Kulikuwa na walevi, wagonjwa wa akili, na watu wenye matusi. Wengine waliiba. Dorothy hakukaa mbali akatuma fedha. Aliishi humo humo, akala chakula kile kile, akavaa nguo zilizoletwa na watu kama sadaka. Kila siku alikwenda kanisani kusali, maana alisema bila sala asingeweza kuvumilia.

Sisi tunayo methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtumishi mmoja wa ustawi wa jamii alimwuliza Dorothy jambo la namna hiyo. Watu hawa mnawaruhusu kukaa muda gani? Dorothy akajibu kwamba wanakaa daima. Wanaishi nasi, wanakufa nasi, nasi tunawazika kwa heshima, kwa kuwa wakiisha kupokewa ni watu wa jamaa yetu. Tena akasahihisha, kwamba walikuwa jamaa tangu zamani.

Jembe halikusahauliwa. Aliyeweza kumenya viazi alimenya, na aliyeweza kukunja magazeti alikunja. Lakini hakuna aliyefukuzwa kwa sababu hawezi kazi. Msingi wa jambo hili uko katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo. Humo Yesu anafundisha kwamba aliyemlisha mwenye njaa na kumpokea mgeni amemlisha na kumpokea yeye mwenyewe. Dorothy aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Bwana Maurin naye alipenda kila nyumba ya Mkristo iwe na chumba kimoja cha Kristo, yaani cha mgeni. Si lazima uwe na jumba. Chumba kimoja, au kitanda kimoja, au sahani moja zaidi mezani.

Kuna kisa kinachosimuliwa na waliofanya kazi naye. Siku moja bibi tajiri alileta pete ya almasi. Dorothy akampa bibi kizee mmoja mkali, ambaye alikuja kula pale mara kwa mara. Wenzake wakasema, si afadhali tungeiuza, tukamlipia kodi ya nyumba? Dorothy akajibu kwamba bibi yule ana akili zake. Akitaka kuiuza ataiuza, na akitaka kuivaa ataivaa. Akauliza, je, Mungu aliumba almasi kwa ajili ya matajiri peke yao? Wengine watasema alifanya upumbavu. Lakini angalieni: hakutaka kumsaidia maskini kwa namna ya kumwondolea heshima yake.

5. Gharama ya njia hii

Historia ya kweli haifichi makosa wala hasara. Yale mashamba ya Bwana Maurin mengi hayakufaulu. Watu wa kujadili walikuwa wengi kuliko watu wa kulima, na ugomvi ukaingia. Tena binti yake Dorothy alikulia katikati ya shughuli na umati wa watu, na mara nyingi mama alikuwa safarini.

Hasara nyingine ilikuja kwa sababu ya vita. Dorothy aliamini kwamba Mkristo hawezi kumwua adui anayeamriwa kumpenda. Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, Desemba 1941, gazeti lake lilikataa kuunga mkono vita. Wasomaji wengi walikasirika, na hata wenzake wengi wakaachana naye. Kabla ya vita nakala zilizidi 150,000, na wakati wa vita zikashuka mpaka karibu 50,000. Nyumba nyingi zilifungwa. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga, na watu wema walimpinga. Lakini imani yake haikuwa ya kufuata upepo wa soko.

Nitawapa mfano mwingine, na nadhani Waislamu waliomo darasani wataupenda. Serikali ya mji wa New York ilichukua nyumba yao moja ili kupitisha reli ya chini ya ardhi. Mwaka 1960 ikawalipa bei ya nyumba, dola 68,700. Kwa kuwa malipo yalichelewa, ikaongeza riba ya dola 3,579 na senti 39. Fedha hizo zingenunua mikate mingi sana. Dorothy akairudisha ile riba yote. Akaeleza kwamba Kanisa la zamani lilikataza riba, na yeye hataki fedha izae fedha wakati watu hawana kazi. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliona imani isiyogusa mfuko ni imani ya mdomoni.

Bwana Maurin alifariki mwaka 1949, akazikwa katika suti aliyopewa na watu. Dorothy aliendelea. Mwaka 1973, akiwa na miaka 75, alikamatwa tena huko California, kwa kuwa alisimama pamoja na vibarua wa mashambani waliogoma.

6. Mgeni wa Tanzania

Sasa rudini kwenye ramani, Afrika ya Mashariki. Mwaka 1970, Dorothy Day alifunga safari ndefu. Alifika Australia, akafika India, akamwona Mama Teresa huko Calcutta, kisha akaja Tanzania.

Alikuta nini? Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwezi wa Februari 1967. Tena mwaka ule 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wazima walikuwa wakijifunza kusoma kama ninyi mnavyojifunza leo. Dorothy alilipenda sana neno ujamaa. Akawaelezea wasomaji wa gazeti lake kwamba maana yake ni undugu wa watu wa jamaa moja. Mwanamke aliyekuwa akiwaambia wageni wa New York kwamba wao ni jamaa yake, alikuta nchi inayotaka kujenga siasa juu ya neno hilo hilo.

Oktoba mwaka ule ule, Mwalimu Nyerere alikuwa huko New York, akazungumza na masista wa Maryknoll. Yeye naye alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupinga mambo yanayowafanya watu wawe maskini na wanyonge, halitakuwa na maana kwa watu.

Lakini lazima tuone pia tofauti. Mwalimu alikuwa na serikali, na Dorothy alikuwa na sufuria ya supu. Kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya watu wa Tanzania walihamishiwa vijijini, na mahali pengi walihamishwa kwa nguvu. Wazee wengi wanayakumbuka mambo hayo. Serikali yaweza kujenga shule na zahanati, kazi ambazo mtu mmoja hawezi. Lakini undugu wenyewe haushiki kwa amri. Kwa hiyo tangu mwanzo nilitaka mliandike lile neno hiari ubaoni.

7. Mwisho wa somo

Dorothy Day alifariki New York tarehe 29 Novemba 1980, katika nyumba mojawapo ya ukarimu, miongoni mwa watu aliokuwa akiishi nao. Mwaka 2000 Kanisa Katoliki lilianza kuchunguza maisha yake ili kuona kama anastahili kutangazwa mtakatifu. Septemba 2015 Papa Fransisko alilitaja jina lake mbele ya Bunge la Marekani. Nyumba za ukarimu za namna yake ziko hata sasa katika miji mingi, na gazeti lile bado linauzwa senti moja.

Inasemwa kwamba yeye mwenyewe hakupenda kuitwa mtakatifu. Aliona kwamba watu wakikwisha kumwita hivyo, watasema: Hayo ni mambo ya watakatifu, si yetu sisi. Kisha watafunga mlango na kulala usingizi.

Nasi tusimfanyie hivyo. Zamani katika vijiji vyetu mgeni alifika jioni, akapewa maji na chakula kabla hajaulizwa habari. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulisema. Siku hizi wengi tumehamia mijini. Mpangaji wa chumba cha tatu hulijui jina lake. Kijana akipoteza kazi anaona haya kusema, kama walivyoona haya wale wa New York. Kuta zimekuwa ndefu, na juu yake tumepanga vigae vya chupa. Wala kanisa au msikiti uliojaa watu hautatuponya, ikiwa kila mmoja anatoka na wokovu wake mfukoni kama kitambulisho.

Dorothy Day hakuigeuza Marekani. Maskini wako huko mpaka leo, na desturi ya kila mtu na lake ingaliko. Alichofanya ni kuonyesha kwamba mtu anaweza kuishi katikati ya desturi hiyo bila kumezwa nayo. Hakungoja nchi ibadilike ndipo aanze. Alianza na senti moja, na viti vya jikoni kwake.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Dorothy aliona nini Oakland mwaka 1906? Je, umepata kuona watu wakisaidiana hivyo wakati wa mafuriko, moto au msiba? Baadaye ilikuwaje?
2. Eleza tofauti kati ya mtu kujitegemea na mtu kuwa na ubinafsi.
3. Soma tena habari ya pete ya almasi. Ungefanya kama Dorothy, au ungeiuza? Kwa nini?
4. Methali ya mgeni na jembe na desturi ya nyumba za ukarimu zinapatana wapi, na zinaachana wapi?
5. Andika sentensi tatu juu ya jirani yako mmoja usiyemjua vizuri. Ukishindwa kuandika hata sentensi moja, nenda kamjulie hali kabla ya somo lijalo, kisha uandike.

Mwalimu, tafadhali waachie nafasi kina mama waseme kwanza.